Nyumba ya Kenyatta, Lodwar: Historia ya Wenye Ufunguo

Lodwar, mji wa Turkana kaskazini-magharibi mwa Kenya, kuna nyumba iitwayo Nyumba ya Kenyatta. Mgeni akilisikia jina hilo hudhani Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, aliijenga, aliinunua au aliirithi. Hakufanya hata moja kati ya hayo. Aliletwa mjini hapo Aprili 1959 kwa amri ya serikali ya kikoloni, akaishi chini ya macho ya DC (mkuu wa wilaya) na askari wake, kisha akahamishwa Aprili 1961 kwa amri nyingine ya serikali hiyohiyo. Miaka miwili ya kukaa bila hiari ndiyo iliyoipa nyumba jina ambalo imebaki nalo kwa zaidi ya miaka sitini.

Jambo hili linastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu historia za nyumba za kale huwa haziandikwi hivyo. Kule Uingereza, anayetaka kuandika habari za jumba la kabaila hufuata karatasi. Huanza na daftari kubwa la mwaka 1086, ambalo Mfalme William aliagiza liandikwe ili ajue kila shamba ni la nani na linaweza kutozwa nini. Kutoka hapo hushika mnyororo: baba kwa mwana wa kwanza, mjane kwa mume mpya, mwenye deni kwa mwenye fedha. Katika karne ya 20, kodi ya mirathi ilipozielemea koo nyingi, majumba kadhaa yaliangukia mikononi mwa National Trust, shirika lililoundwa mwaka 1895, ambalo leo huyafungua kwa wageni. Mmiliki hubadilika, ila wakati wote yupo, na jina lake limo kwenye hati.

Ukiichukua njia hiyo na kuipeleka Lodwar, inakwama mapema. Mnyororo wa wamiliki una kiungo kimoja tu: serikali. Anayeishi ndani si mwenye nyumba, na ardhi iliyo chini ya nyumba ina watu wengine wanaoidai, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Basi nyumba za Turkana zinahitaji maswali mengine. Ilijengwa kwa kazi gani? Imesimama kwenye ardhi ya nani? Na ufunguo uko mkononi mwa nani? Maswali hayo matatu yanaeleza Lodwar ya mwaka 1959, na yanaieleza kambi ya wakimbizi ya Kakuma ya leo pia.

Nyumba iliyotangulia mji

Waingereza waliingia Turkana kwa bunduki. Katika miaka ya 1910 vikosi vya King's African Rifles vilipanda na kushuka nchi hiyo kuwanyang'anya watu silaha na mifugo. Msafara wa mwaka 1918, uliokuwa mkubwa kuliko yote, uliziacha familia nyingi bila ng'ombe. Baada ya jeshi ukaja utawala wa kiraia, nao ukahitaji mahali pa kukaa: ofisi, ghala, kambi ya askari, jela, nyumba ya bwana DC. Lodwar, kando ya mto Turkwel, ikawa mahali hapo. Husimuliwa kwamba wafanyabiashara wa mwanzo, wakiongozwa na Shah Mohamed, walifika ukingoni mwa mto mwaka 1933 na kufungua maduka. Miaka iliyofuata zikaongezeka idara za serikali, hospitali ndogo na gereza.

Kwa hiyo kuta za kudumu zililetwa na utawala, na zilikuwa na kazi mahsusi. Turkana ilifanywa wilaya iliyofungwa. Sheria ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za pembezoni na ile ya 1934 kuhusu wilaya maalumu zilimpa ofisa wa serikali uwezo wa kuamua nani aingie, nani atoke, na mifugo ipite wapi. Mtu wa kutoka Nairobi alihitaji kibali. Nchi nzima ilikuwa na mlango, na mlinzi wa mlango alikaa Lodwar. Ndiyo maana serikali ilipotafuta mahali pa kuwaweka watu iliowaogopa, haikulazimika kujenga ukuta. Jangwa, umbali na kibali vilitosha.

Mpangaji asiyechagua

Kenyatta hakuwa mgeni wa hoja za nyumba na ardhi. Ndizo zilizomfikisha London kwa mara ya kwanza mwaka 1929, alipotumwa na Kikuyu Central Association kupeleka malalamiko ya ardhi iliyochukuliwa na walowezi. Kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya, kilieleza kwa kina jinsi Wagikuyu walivyomiliki ardhi kwa ukoo na kwa mtu, ili kujibu dai la walowezi kwamba ardhi ile haikuwa na mwenyewe. Wakati wa vita vya pili vya dunia aliishi Storrington, kijiji cha Sussex, akifanya kazi za shambani. Huko, katika nchi ya majumba ya makabaila, alikuwa kibarua. Akamwoa Edna Clarke mwaka 1942, na mwaka 1946 akarudi Kenya.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kumkamata. Kesi ikasikilizwa Kapenguria mbele ya Jaji Ransley Thacker, na tarehe 8 Aprili 1953 akahukumiwa miaka saba ya kazi ngumu, na baada ya hapo azuiliwe mahali serikali itakapotaka. Pamoja naye walihukumiwa Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng Oneko. Oneko alishinda rufaa, ila hakuachiliwa. Mwaka 1958 Rawson Macharia, shahidi mkuu wa upande wa mashtaka, alikiri kwamba alisema uongo mahakamani. Kukiri huko hakukumpunguzia Kenyatta hata siku moja.

Kifungo alikitumikia Lokitaung, kaskazini kabisa mwa Turkana, karibu na mpaka wa Ethiopia. Kwa kuwa umri ulikuwa umekwenda, alipewa kazi ya jikoni. Waruhiu Itote, aliyejulikana miongoni mwa wapiganaji wa msituni kama Jenerali China, aliletwa huko pia, na Kenyatta akamfundisha Kiingereza. Juni 1958 barua ya wafungwa wa Lokitaung kuhusu hali yao ilichapishwa katika gazeti la The Observer la London. Mwezi huohuo Oginga Odinga alisimama katika Baraza la Kutunga Sheria na kusema kwamba watu hao wangali viongozi. Wajumbe wenzake walishtuka, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Kifungo kilipokwisha Aprili 1959, sheria ilisema Kenyatta ni mtu huru aliyewekewa mipaka. Ndipo alipohamishiwa Lodwar, na Mama Ngina akaungana naye. Hapa ndipo nyumba inapoonyesha kazi yake. Seli ya Lokitaung ilikuwa jela na iliitwa jela. Nyumba ya Lodwar ilikuwa na meza, kitanda, mke na wageni wa mara mojamoja, na kwa macho ya nje ilifanana na nyumba ya mtu yeyote. Tofauti ilikuwa katika ile mipaka: asiivuke bila ruhusa, na ofisi ya DC ijue habari zake. Utawala ulikuwa umepata namna ya kumfunga mtu bila kulitaja neno jela, na namna yenyewe ilikuwa kumpa nyumba.

Nyumba hiyo ikawa kitovu cha siasa za nchi. Mei 1960 Gavana Patrick Renison alimtangaza Kenyatta kuwa kiongozi wa kuwapeleka watu gizani na mautini. Miezi tisa baadaye, katika uchaguzi wa Februari 1961, chama cha KANU kilishinda viti 19 dhidi ya 11 vya chama cha KADU, kisha kikakataa kuunda serikali hadi Kenyatta aachiliwe. Machi 1961 ujumbe wa vyama vyote viwili ulisafiri hadi Lodwar kuonana naye. Watu waliokuwa wakigombana Nairobi walilazimika kukaa pamoja mbele ya mtu asiyeruhusiwa kutoka mjini. Serikali iliyotaka kumsahaulisha ilikuwa imempa anwani ambayo kila mwanasiasa aliijua.

Yaliyofuata yalihusu nyumba nyingine. Boma lake la Gatundu lilikuwa limebomolewa wakati wa hali ya hatari. Ronald Ngala wa KADU alipokubali kuunda serikali, moja ya ahadi alizotoa Gavana ilikuwa kwamba Kenyatta angejengewa nyumba wilayani Kiambu. Mzee akahamishwa hadi Maralal, ambako tarehe 11 Aprili aliongea na waandishi wa habari wa dunia nzima, na tarehe 14 Agosti 1961 akafikishwa Gatundu, katika nyumba iliyojengwa na serikali ileile iliyoibomoa ya kwanza.

Ukizipanga nyumba hizo zote, za Lokitaung, Lodwar, Maralal na Gatundu mpya, utaona kwamba kwa takriban miaka tisa kiongozi mkuu wa madai ya ardhi Kenya hakulala hata usiku mmoja chini ya paa aliloliezeka mwenyewe.

Ardhi ya chini ya nyumba

Sasa tuiache nyumba, tutazame ardhi ambayo imesimama juu yake. Sheria ya Ardhi ya Ufalme ya mwaka 1915 iliiweka ardhi ya Waafrika chini ya mamlaka ya Mfalme wa Uingereza. Mwaka 1921 Mahakama Kuu ya Kenya, katika mzozo uliotoka nchi ya Wagikuyu, iliamua kwamba Waafrika ni wapangaji tu, wanaokaa kwa hisani ya Mfalme na wanaoweza kuondolewa akipenda. Kesi ilikuwa ya mbali, lakini hukumu ilimgusa pia mfugaji wa Turkwel ambaye hakuwahi kusikia jina la jaji.

Watawala walijiridhisha kwamba Turkana si nchi ya kuuliza mwenyewe ni nani, kwa kuwa watu wake wanahama. Dai hilo halisimami ukitazama wenyeji wanavyoishi. Boma la Mturkana, awi, lina mwenyewe anayejulikana. Ndani yake kila mke ana kijumba chake cha kulala, akai, anachokijenga kwa fito na makuti ya mkoma, na yeye ndiye mwenye mamlaka nacho: watoto wake, maziwa yake na vyombo vyake vimo humo. Boma likihama, punda hubeba vitu na mama hujenga upya. Mahali panabadilika, na umiliki unabaki palepale kwa mama huyo. Tena, kando ya mito kuna sehemu za miti ziitwazo ekwar, ambazo kila familia huzishika na kuzirithisha. Maganda ya mgunga yanayoanguka pale ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi, na mgeni haruhusiwi kuyaokota bila kuomba. Ukingo wa Turkwel, ambako mji wa Lodwar umekaa, ulikuwa na wenyewe kabla ya ramani ya kwanza kuchorwa. Kilichokosekana ni karatasi.

Hapo ndipo tofauti na Uingereza inapokuwa kubwa kuliko ilivyoonekana mwanzoni. Daftari la 1086 liliandikwa na mfalme mvamizi, kwa ajili ya kodi, lakini liliwataja wenye ardhi, na hata wale walionyang'anywa. Utawala wa kikoloni Turkana ulihesabu watu na kutoza kodi bila kuandika nani ni mwenye nini. Alama ya umiliki ikawa ukuta wa serikali na bendera yake.

Uhuru ulipokuja

Desemba 1963 bendera ilibadilika. Ardhi ya Turkana ikawa ardhi ya amana mikononi mwa baraza la kaunti la wakati huo, na nyumba za serikali zikapata maofisa wapya. Sheria za kufunga wilaya hazikuondoka. Zile za 1902 na 1934 zilibaki vitabuni hadi mwaka 1997, zilipofutwa katika mageuzi yaliyopiganiwa na vyama vingi. Yaani kwa muda wote wa urais wake, 1964 hadi 1978, mtu aliyewahi kuzuiliwa Lodwar aliongoza serikali iliyokuwa na uwezo uleule juu ya watu wa Lodwar. Hata silaha ya kizuizi haikutupwa: Achieng Oneko, mwenzake wa Kapenguria, alizuiliwa tangu 1969 hadi 1975 bila kufikishwa mahakamani.

Nyumba, wakati huo, ilikuwa imegeuka kipimo cha mafanikio. Aprili 1965, kwenye mkutano wa Kandara, Kenyatta alimkabili Bildad Kaggia hadharani. Kaggia alikuwa akidai kwamba ardhi za walowezi wapewe maskini bila malipo. Rais alimkumbusha kwamba walifungwa pamoja, akawataja wenzao mmoja mmoja: Ngei na kahawa yake, Kubai na nyumba yake kubwa na shamba lake, Karumba na mabasi yake. Kisha akamwuliza yeye Kaggia amejifanyia nini.

Swali hilo linabeba maana kubwa kwa anayechunguza nyumba ya Lodwar. Watu waliolala kwenye saruji moja Lokitaung walikuwa na majibu mawili tofauti kuhusu waliyoyapata humo. Kwa mmoja, kifungo kilikuwa deni ambalo nchi ilipaswa kulilipa kwa kila asiye na ardhi. Kwa mwingine, kila aliyefungwa sasa ana nafasi ya kujijenga, na asiyejijenga ajilaumu. Jibu la pili ndilo lililoshinda. Kwa hiyo nyumba ya Lodwar ikikumbukwa kama hatua ya safari ya mtu mmoja kwenda Ikulu, huo ni ukumbusho wa upande ulioshinda.

Kakuma: ufunguo bila ardhi

Kilomita zipatazo 120 kutoka Lodwar, kwenye barabara ya Lokichoggio, maswali yetu matatu yanaulizwa tena kila siku. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, walipofika maelfu ya wavulana waliotembea kwa miguu kukimbia vita vya Sudan. Wakafuata Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na Wasudani Kusini. Leo, pamoja na makazi ya Kalobeyei, wanafika karibu watu 300,000. Nyumba za mwanzo zilitakiwa ziwe za muda: hema, matofali ya udongo, mabati. Sababu haikufichwa. Nyumba ya kudumu ingekuwa dai la kudumu.

Lakini watu hukaa, na kukaa huzaa nyumba. Uchunguzi wa shirika la fedha la IFC uliochapishwa mwaka 2018 ulikadiria uchumi wa Kakuma kuwa shilingi bilioni 6 kwa mwaka, wenye maduka zaidi ya 2,000. Mtu anayeondoka humwachia mwingine kijumba chake kwa fedha, na wote wawili wanajua wanachouziana: kuta, paa, pengine na jina zuri la biashara. Ardhi haimo katika bei. Mwaka 2015 serikali ya Kaunti ya Turkana ilitenga hekta 1,500 kwa ajili ya Kalobeyei, makazi yaliyopangwa ili wakimbizi na wenyeji watumie shule, hospitali na soko moja. Huko baadhi ya familia zilipewa fedha zijenge wenyewe nyumba imara. Mpangilio ni bora, na hali ya ardhi ni ileile: mkimbizi anashika ufunguo wa mlango wake, ila ruhusa ya kuwepo inatoka kwingine. Hilo lilikumbushwa Machi 2021, serikali ya Kenya ilipotangaza kwamba Kakuma na kambi nyingine ya Dadaab zitafungwa, na baadaye ikataja Juni 2022 kuwa mwisho. Tarehe ilipita na kambi zikabaki. Kisha Mpango wa Shirika wa serikali, uliozinduliwa Machi 2025, ukaanza kuzungumza lugha ya kuzigeuza kambi kuwa miji.

Hapa Mturkana na mkimbizi wanakutana kwa namna isiyosemwa mara nyingi. Katiba ya 2010 na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 zimempa Mturkana haki ambayo Mfalme wa Uingereza alimnyima: jamii inaweza kusajili ardhi yake na kupata hati. Hadi itakapofanya hivyo, kaunti inaishika kwa niaba yake. Kwa hiyo mwenyeji ana ardhi isiyo na karatasi, na mkimbizi ana karatasi isiyo na ardhi. Kila mji utakaokua juu ya hali hiyo bila kuitatua kwanza utarithi ugomvi, kwa sababu nyumba za matofali hazihami na punda, na mwenyeji atakapokuja kudai sehemu yake atakuta ukuta.

Namna ya kuisimulia nyumba

Makumbusho ya taifa hupenda kuonyesha kitanda cha kiongozi, na hakuna ubaya. Lakini nyumba ya Lodwar ikisimuliwa kwa kitanda tu, mgeni ataondoka akidhani jangwa lilikuwa mandhari ya mateso ya mtu mmoja. Atakosa kujua kwamba wilaya nzima ilikuwa imefungwa kabla Kenyatta hajafika, na kwamba ilibaki imefungwa miaka 36 baada ya yeye kuondoka. Kizuizi chake kilidumu miaka miwili hapo, na cha wenyeji kilidumu vizazi.

Kwa hiyo maelezo ya nyumba hiyo yanapaswa kuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ni ya Kenyatta, kwa tarehe zake, pamoja na wenzake wa Lokitaung, hasa wale ambao hawakupata shamba wala basi. Ya pili ni ya sheria zilizoifanya Turkana kuwa jela isiyo na ukuta, na mwaka zilipofutwa. Ya tatu ni ya ukingo wa Turkwel wenyewe: nani alikuwa na miti pale, na mji ulipojengwa familia hizo zilienda wapi. Sehemu hiyo ya tatu ni ngumu kwa kuwa haina hati, lakini wazee wanaojua mipaka ya ekwar wapo, na Sheria ya 2016 imeipa kazi ya kuwauliza faida ya vitendo. Anachokisema mzee kuhusu mti wa babu yake kinaweza kuwa ushahidi wa usajili.

Kazi hiyo ifanyike Lodwar kwanza, kisha maswali yaleyale yapelekwe Kakuma na Kalobeyei kabla mji mpya haujaganda. Kaunti ikitoa viwanja bila kuandika ni vya nani, na serikali kuu ikitoa vibali bila kusema vitadumu kwa muda gani, tutakuwa tumejenga maelfu ya nyumba zinazofanana na ile ya mwaka 1959: zina mlango, zina mtu ndani, na hatima yake inaamuliwa na ofisi nyingine. Uingereza ilichukua karne nyingi kuandika nani ni mwenye jumba gani, na iliandika zaidi kwa faida ya wakubwa. Turkana ina nafasi ya kuandika mapema, na kuanza na mama anayejenga, mwenye mti, na mkimbizi aliyezaliwa Kakuma na asiyejua kwao kwingine.